Anti, mbona sishangai tena?

Mwezi uliopita nilidondosha sentensi moja tu hapa, kwamba mara ya mwisho kucheka mpaka mbavu zinauma sikumbuki ilikuwa lini, nikaendelea na mambo mengine, kumbe nimechokoza nyuki. Zimeingia meseji za watu wazima na kazi zao na watoto wao, wote wanauliza kitu kilekile kila mtu kwa maneno yake. Nyingine zimenichekesha, moja imeninyamazisha kabisa. Nimechagua chache, nimezifupisha kidogo na majina nimeyatoa.

*

Anti shikamoo. Nina miaka 37, mtoto wangu ana minne. Juzi tulikuwa tumekaa nje, yeye kachuchumaa anaangalia sisimizi wanaburuta bawa la mdudu, basi akakaa pale karibu nusu saa anawasemesha, "sukumeni, sukumeni", mimi niko pembeni na simu. Akaniita mama njoo uone, nikasema naja. Akaita tena, nikasema naja. Mara ya tatu hakuita, na hiyo ya tatu ambayo hakuita ndo inanitesa mpaka leo. Nikajiuliza hivi mimi mara ya mwisho kuangalia kitu namna ile ni lini? Mwaka jana nilifika baharini kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikapiga picha kama ishirini, nikatuma, nikarudi chumbani kulala. Sikusikia kitu Anti. Ile furaha ya utotoni huwa inaenda wapi, na inarudi?
Mama Naja

Marahaba mwanangu.

Tuanze na maneno tuliyolelewa nayo. Mtoto akisimama kuangalia kitu njiani anaambiwa acha kushangaa shangaa, tembea. Mtu akiingia jengo geni akainua shingo kuangalia dari, mshamba huyo. Ukicheka kwa sauti, acha utoto. Ukirukaruka kidogo tu, mtu mzima hovyo. Sasa umeambiwa hivyo miaka thelathini unategemea nini? Unajifunza kupita mbele ya kila kitu na ile sura ya mtu aliyeshakiona, hata kama hujakiona. Ndo maana mimi hii habari kwamba mshangao unakufa na umri siikubali sana, naona tunauziba mdomo wenyewe kwa kuogopa kuitwa washamba, halafu tukishazoea kuuziba tunasahau tuliuacha wapi.

Upande mwingine ni ubongo wenyewe, huo haukuogopi wewe wala majirani, unazoea tu. Harufu ya nyumba yako huisikii, mgeni anaisikia akiwa mlangoni. Kitu kikijirudia bila kuleta hatari wala faida ubongo unaacha kukitolea taarifa, ni kubana matumizi. Kuna mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Alison Gopnik, amewasoma watoto wadogo miaka mingi, yeye anasema ufahamu wa mtu mzima ni kama tochi na wa mtoto ni kama taa ya chemli. Tochi inapiga sehemu moja kwa nguvu, pembeni giza. Chemli inamulika chumba kizima kwa mara moja, kila kona, bila kuchagua. Na mimi naongeza hapa, tochi sio adui, huwezi kupiga hesabu za mwezi kwa chemli, na huyohuyo mtoto wako anayeshangaa sisimizi nusu saa ndo anayechukua dakika kumi kuvaa kiatu kimoja kwa sababu kamba nayo inamshangaza. Hutarudi kuwa na miaka minne na wala hutaki.

Kule baharini tochi yako ilikuwa kwenye picha, na nani ataiona, na atasema nini. Bahari ilikuwa pembeni gizani, basi. Kwa hiyo mtu akikushauri usafiri mbali ukatafute maajabu mimi siungi mkono, kwa sababu utasafiri na tochi ileile. Anza na kitu kidogo ambacho hakuna mtu atakipenda hata ukimtumia.

Mimi nilianzia kwenye vyombo. Chukua kikombe, kizuri zaidi ni chenye rangi nyeusi kwa ndani, chovya mdomo wake kwenye maji yenye sabuni ukitoe polepole mpaka mdomo uzibwe na utando. Kigeuze kilale ubavu, utando usimame kama ukuta, uelekeze kwenye mwanga wa dirisha halafu tulia. Sekunde chache za mwanzo huoni kitu. Kisha rangi zinaanza, mistari ya waridi na kijani imelala kama imechorwa kwa rula, inashuka taratibu, na kila inavyoshuka ile ya juu inapanuka, inakuja dhahabu, inakuja nyeupe kama fedha, na mwisho pale juu kabisa panakuwa peusi. Peusi hivi kwamba unaamini pametoboka. Hapajatoboka, utando upo, umekuwa mwembamba kuliko unywele maelfu ya mara. Halafu pa.

Kinachotokea ni kwamba maji yanashuka kwa uzito wake kwa hiyo utando unakonda kuanzia juu, na mwanga unaporudi kutoka uso wa mbele unakutana na ule uliorudi kutoka uso wa nyuma, kutegemea na unene rangi fulani zinapeana nguvu na nyingine zinauana, na utando ukikonda kupita kiasi zote zinauana, ndo unaona weusi. Isaac Newton mzima alikaa akapuliza mapovu ya sabuni akayakodolea macho hivyohivyo, na hilo doa jeusi ameliandika kwenye kitabu chake cha mwanga cha mwaka 1704. Mimi nimeosha vyombo zaidi ya miaka arobaini na sikuwahi kuliona. Siku nilipoliona niliita watu, wakaja mbio wakidhani nimejikata.

Kuhusu ile mara ya tatu, tulia, miaka minne hawawekeani kinyongo cha sisimizi. Ila safari hii usingoje aite, wewe ndo umuite yeye aje aone kikombe, na akisema naja, vumilia.

*

Anti habari za kazi. Mimi nachora ramani za majengo, nina miaka 44. Utotoni nilikuwa nachora nyumba nyuma ya kila daftari mpaka nachapwa. Sasa hivi nikiwasha kompyuta tumbo linakaza. Sio uchovu, nimetoka likizo juzi tu. Kazi inalipa, bosi hana shida, ila ile kitu ndani haipo. Nibadilishe kazi?
Penseli Kavu

Mdogo wangu, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi ngoja nikusimulie habari ya sahani.

Kulikuwa na mwanafizikia Mmarekani, Richard Feynman. Vita kuu ya pili ilipoisha alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Cornell, bado kijana, jina linapanda, watu wanamtegemea afanye makubwa, na yeye ndani kakauka kama wewe. Akikaa kutafiti hakuna kinachokuja. Akajiuliza mbona zamani nilikuwa naipenda hii kitu, akakumbuka kwamba zamani alikuwa anaichezea tu, hakuwa anaangalia kama ni muhimu au sio muhimu, kitu kikimchekesha anakifuata. Akaamua basi, nishakauka na siwezi kufanya la maana, nitacheza.

Siku moja yuko kwenye mgahawa wa chuo, mtu katika kuchezacheza akarusha sahani hewani. Sahani ilikuwa na nembo ya chuo pembeni, kwa hiyo alikuwa anaona inavyozunguka na wakati huohuo inavyoyumba, na mizunguko na mayumbo haviendi kasi moja. Akaenda kupiga hesabu kwa nini. Bure kabisa, hakuna aliyemtuma. Akamuonyesha mkubwa wake, Hans Bethe, Bethe akamwambia inavutia, lakini ina umuhimu gani? Akajibu haina umuhimu wowote, nafanya kwa raha zangu. Kutoka kwenye sahani akahamia kwenye mzunguko wa elektroni, kutoka hapo akarudi bila kujijua kwenye yale matatizo makubwa aliyokuwa ameyakimbia, na mwaka 1965 akapewa Nobel pamoja na wenzake wawili. Mwenyewe alisimulia kwamba kazi ile yote ilianzia kwenye kuchezea sahani. Na kitu kinachonifurahisha mimi zaidi ya Nobel yenyewe ni kwamba miaka mingi baadaye aliposimulia aliigeuza hesabu, akasema sahani inazunguka mara mbili kwa kila yumbo moja, wakati ukweli ni kinyume, inayumba mara mbili kwa kila mzunguko. Kwa hiyo hata usipokumbuka vizuri ulichocheza sio kesi.

Ila usinielewe vibaya ukaanza kucheza huku jicho moja linaangalia tuzo, hapo hujacheza, umejiongezea shifti. Chukua daftari, daftari la karatasi, sio kompyuta, uchore majengo ambayo hayawezekani. Nyumba ya panya ghorofa tatu. Nyumba isiyo na mlango, mtu anaingiaje sio shida yako. Usimtumie mtu picha, na siku ndugu yako akilichungulia akasema hizi si unaweza kuziuza, lifunge na ulifiche chini ya godoro. Tumbo likilegea ukiwa na lile daftari halafu likakaza tena ukiwasha kompyuta, hapo ndo uniandikie tena, tutazungumza habari ya kubadilisha kazi.

*

Anti, mume wangu ana miaka 50 na alikutwa na majirani anabembea kwenye bembea ya watoto saa mbili usiku peke yake, tena anacheka. Nimeona aibu mpaka sijui. Nimwambieje?
Mke wa Bembea

Muulize kama bembea inabeba uzito wake. Ikiwa inabeba, mwache.

Hapana, nakujibu vizuri. Kule Berlin, Chuo Kikuu cha Humboldt, kuna watafiti waliwafundisha panya kucheza kombolela na binadamu, ule mchezo wa kujificha na kutafutana, matokeo wakayatoa mwaka 2019. Panya hawakupewa chakula kama zawadi, zawadi ilikuwa kutekenywa tu na kucheza. Ndani ya wiki chache wakajua zamu, wakitafuta wanapiga kelele nyembamba ambazo sikio letu halizipati, wakijificha wananyamaza kimya, na kati ya boksi linaloonyesha ndani na lisiloonyesha wanachagua lisiloonyesha. Kubwa zaidi, wakishapatikana walikuwa mara nyingi wanakimbia kujificha tena ili mchezo usiishe. Tena hawa walikuwa panya wa maabara, hawana bembea.

Na huyo mzee wako kachagua saa mbili usiku, giza, hakuna watoto, maana yake naye aibu anayo, anaogopa kitu kilekile unachoogopa wewe. Nenda ukakae bembea ya pili. Majirani wakisema, watakuwa wanasema watu wawili, inagawanyika.

*

Anti na heshima zote, haya ya kushangaa ni mambo ya walioshiba. Mimi nina madeni, mama yangu mgonjwa, wadogo zangu wananitegemea. Nikisimama kuangalia mawingu nani atalipa?
Sina Muda

Una haki ya kukasirika, na mimi pia hunikera mtu akiniambia tabasamu wakati nadaiwa. Mawingu hayalipi deni na mtu akikwambia yanalipa mkimbie. Kwa hiyo sikwambii uache kitu, nakuuliza tu kuhusu robo saa, tena ile ambayo tayari unaitembea kwenda unakokwenda.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitoa matokeo ya wazee waliotembea robo saa mara moja kwa wiki kwa wiki 8. Kundi moja waliambiwa tembeeni tu. Kundi la pili waliambiwa mkitembea tafuteni vitu vya kuwashangaza, kama vile mnaviona kwa mara ya kwanza. Wote wakaombwa wapige selfi njiani. Wale wa kundi la pili, wiki zinavyokwenda, kwenye selfi zao wao wenyewe walizidi kuwa wadogo, miti na anga ndo vinajaza picha, na tabasamu linazidi kupanuka, wakati hakuna aliyewaambia wajipige kwa mbali. Wakasema pia wanasikia furaha zaidi. Mimi hicho cha kupungua ndani ya picha ndo kilinikamata, maana mtu mwenye mzigo kama wako picha nzima imejaa uso wake na hesabu zake, na haiwi kosa lake.

Deni litakuwepo ukirudi. Jaribu wiki mbili, kisha urudi kunigombeza kama bado unataka.

*

Anti, mimi ni mstaafu. Nimesoma ulichoandika nikasema kwangu treni imeshapita. Au?
Mzee wa Kiti

Shikamoo mzee wangu. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa muuza vitambaa mji wa Delft kule Uholanzi, hakusoma chuo kikuu chochote, alijitengenezea lenzi zake mwenyewe na miaka ya arobaini ilishaanza kumgonga mwaka 1674 alipotazama tone la maji ya ziwa akakuta limejaa viumbe vinavyotembea. Baadaye, mwaka 1683, akajikwangua utando wa kwenye meno yake mwenyewe, akautazama, navyo vimo, vinaruka kama samaki. Kisha akaanza kuwatafuta wazee wenye meno machafu kuliko yake, hiyo ni tabia ya mtoto wa miaka sita kabisa. Aliendelea kutazama na kutuma barua kwa wanasayansi wa London mpaka alipofariki mwaka 1723 akiwa na miaka 90. Hujasema una miaka mingapi lakini naona bado una muda. Kioo cha kukuzia maandishi unacho? Basi anza na mgongo wa jani.

*

Anti, mimi tofauti na wengine. Hakuna kitu kinanifurahisha, sio mshangao, kitu chochote. Miezi mitatu sasa. Muziki niliokuwa naupenda nauzima. Usingizi unakatika saa tisa usiku, chakula hakipiti, watu wakicheka nasikia kama niko nyuma ya kioo. Nikacheze na mimi?
Nyuma ya Kioo

Hapana mwanangu. Wewe usicheze, wewe nenda hospitali, na nakuandikia hili taratibu kwa sababu meseji yako ndo ile iliyoninyamazisha.

Hawa wengine wamekauka kidogo, maji wakipata wanarudi. Unachokieleza wewe, raha kupotea kwa kila kitu, usingizi kukatika, chakula kugoma, karibu kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, mtaalamu akikisikia anafikiria sonona, na sonona ni ugonjwa. Sio uvivu, sio imani ndogo, sio kwamba umekuwa mtu mzima. Unatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, au dawa, au vyote viwili, na hakuna kikombe cha sabuni kitakachofanya kazi hiyo. Mwambie daktari hivihivi ulivyoniambia mimi, hata meseji hii muonyeshe kama maneno yatagoma kutoka. Nenda na mtu. Na kama kuna siku yanakuja mawazo kwamba bora usingekuwepo, usilale nayo peke yako, mwambie mtu leo hiihii, mgongee mlango.

Ukishaonana na daktari niandikie neno moja tu, "nimekwenda". Nitalingoja.

*

Anti, mwanangu kaniuliza mbona mwezi unatufuata, tena mbona ukichomoza ni mkubwa halafu juu unakuwa mdogo. Nikamwambia lala. Ningemwambia nini?
Baba Lala

Ungemwambia twende nje, lakini bado hujachelewa, mwezi hauendi popote.

Unatufuata kwa sababu uko mbali, kilomita kama 384,000. Mti wa barabarani ukipiga hatua kumi unaubakisha nyuma, mwezi ukitembea kilomita nzima bado uko upande uleule, kwa hiyo ubongo unasema kitu kisichobaki nyuma basi kinatufuata. Mtoto wako kafikiri sawasawa kabisa, kakosa namba tu.

Huo ukubwa ni kiini macho. Mwezi ukiwa chini karibu na upeo nyoosha mkono, uufunike kwa ukucha wa kidole cha mwisho, utafunikwa wote. Saa nne usiku ukiwa juu rudia, ukucha uleule, utafunikwa vilevile. Haujapungua. Kwa nini macho yanadanganyika hivyo wataalamu wamebishana tangu zamani za Wagiriki na bado hawajamalizana, kwa hiyo hilo mwachie yeye alimalize akikua.

Atakwambia kidole chake ni kidogo hivyo hakitatosha. Wangu aliniambia hivyo, mjukuu, akanuna kabla hata hajajaribu, kumbe na mkono wake ni mfupi, kidole kinakaa karibu na jicho, mwezi ukafunikwa wote. Akafunua, akafunika, akafunua, akanigeukia akasema bibi, nimeuzima.